Maswali na Majibu: Vazi la Mhusika Linapogoma Kutulia

Barua za safari hii karibu zote zinahusu jambo moja: simulesheni ya kitambaa kwenye nguo za wahusika wa kidijitali. Wengi walioandika wanatumia Blender, programu ya kuchora na kuhuisha wahusika wa pande tatu, kwa hiyo namba zilizomo humu ni za programu hiyo, isipokuwa pale tuliposema vinginevyo. Barua tumezifupisha.

SWALI: Ndugu wahariri, salaam. Sketi ya mhusika wangu inavutika kama mpira wa manati. Nimepandisha ugumu wa kuvutika kutoka 15 hadi 200 na bado pindo linashuka mpaka kwenye vifundo vya miguu. Isitoshe, inaanguka polepole kana kwamba iko majini. Nimekosea wapi?

JIBU: Hizo ni dalili mbili na kila moja ina chanzo chake. Ile ya majini ndiyo nyepesi, tuanze nayo.

Mteue mhusika, bonyeza N, usome urefu wake. Tunashuku utakuta mita 15 au 18 badala ya 1.7. Programu haijui kwamba ulikusudia binadamu wa kawaida. Inamvuta kwa mvutano wa dunia wa 9.81 kama jitu lenye urefu wa ghorofa tano. Kitu kikidondoka kutoka mita 1 hufika chini kwa sekunde 0.45, yaani fremu 11 ukiwa kwenye fremu 24 kwa sekunde. Kutoka mita 10 kinachukua sekunde 1.43, fremu 34. Jicho la mtazamaji linaona kitambaa kimekawia mara tatu, na linasema "maji". Punguza ukubwa wa mhusika na nguo pamoja, kisha bonyeza Ctrl+A uidhinishe skeli (kizidishi cha ukubwa) ili isomeke 1 pande zote. Fanya hivyo kabla ya uhuishaji. Ukiidhinisha skeli ya mifupa (kiunzi kinachomwendesha mhusika) ambayo tayari ina fremu funguo, yaani fremu ulizowekea mikao, zile za mahali hazipungui pamoja nayo, na nyonga zitaanza kuruka huku na huko. Kuna wanaokwepa kazi hii kwa kupandisha kizidishi cha mwendo wa kitambaa. Hatuwashauri: kila hatua ya hesabu inakuwa ndefu zaidi, na utayalipia makosa yake kwenye migongano ya nguo na mwili.

Sasa kuvutika. Uzani unaouona kwenye mipangilio, kilo 0.3, ni wa kipeo kimoja, yaani nukta moja ya meshi (wavu unaounda umbo la nguo), si wa vazi zima. Tuseme sketi yako ina mzingo wa mita 1.2 na urefu wa sentimita 60, na kingo za meshi zina urefu wa sentimita 1.5. Hiyo ni safu 80 kwa 40, vipeo kama 3,200. Zidisha kwa 0.3 upate kilo 960. Umemvisha binti wa watu sketi ya karibu tani nzima, halafu unashangaa kiuno kinalia! Na kila unapoigawa meshi mara moja zaidi ili upate mikunjo mizuri, vipeo vinakuwa karibu mara nne. Ndiyo maana sketi iliyotulia jana kwenye meshi nyepesi leo inaburura chini bila wewe kugusa kitelezi chochote.

Kwa hiyo ushushe uzani wa kipeo kwanza: 0.1, kisha 0.05 kama meshi ni nzito zaidi. Usijaribu kufika kwenye uzani halisi wa pamba. Ukishuka mno, springi za kufikirika zinazounganisha vipeo zinauzidi nguvu uzani na kitambaa kinaanza kutetemeka kama mtu mwenye homa. Ugumu wa kuvutika urudishe kwenye 15 hadi 40. Kisha fanya jaribio hili: ficha mwili, zima migongano yote, bana kiuno tu (vipeo vyake visiachiwe kwa simulesheni), endesha fremu 60. Sketi ya sentimita 60 ikining'inia isirefuke zaidi ya sentimita 1 au 2. Ikizidi hapo, ongeza ugumu kidogo na urudie. Ukishafaulu, ndipo urudishe mwili. Anayejaribu kurekebisha kuvutika na mgongano kwa wakati mmoja hajui kipi kimemponya wala kipi kimemdhuru.

SWALI: Mhusika anapiga teke, goti linachomoza kupitia gauni. Nimeongeza umbali wa mgongano hadi sentimita 5. Goti limeacha kuchomoza, lakini sasa gauni limesimama mbali na mwili kama kengele. Naomba msaada.

JIBU: Umetibu homa kwa kuvunja kipimajoto. Tatizo lako ni kasi ya goti na wingi wa hatua.

Piga hesabu. Goti linalokwenda mita 3 kwa sekunde husogea sentimita 12.5 katika fremu moja ya uhuishaji wa fremu 24. Blender huigawa fremu hiyo kwa hatua 5 usipobadilisha kitu, kwa hiyo goti linaruka sentimita 2.5 kila hatua. Umbali wa mgongano, yaani pengo ambalo kitambaa kinaachiwa na mwili, huanza na sentimita 1.5. Yaani hatua moja goti liko nyuma ya kitambaa, hatua inayofuata liko mbele yake, na kikokotozi hakijapata nafasi ya kuliona likipita. Pandisha hatua hadi 12, mruko unakuwa sentimita 1 hivi. Kwa teke kali nenda 15 au 20, na ubora wa migongano uupandishe kutoka 2 hadi 4 au 5. Muda wa hesabu utaongezeka karibu sawasawa na hatua, hilo halikwepeki. Ukishafanya hivyo unaweza kuurudisha umbali kwenye sentimita 0.5 hadi 0.8. Usisahau upande wa mwili: nao una unene wa nje wa mgongano, sentimita 2 kwa kuanzia, na unajumlishwa kwenye pengo unaloliona. Ushushe hadi 0.5. Kengele itaondoka.

Kama bado sehemu fulani tu inachomoza, kagua mambo mengine kwenye mwili wenyewe. Washa rangi za mwelekeo wa nyuso, yaani vipande bapa vya meshi: nje panatakiwa pawe buluu. Palipo na wekundu uso umegeuka, na kwa kuwa mgongano kwa kawaida huhesabiwa upande mmoja, uso uliogeuka unakivuta kitambaa ndani badala ya kukisukuma nje. Watu hupoteza siku nzima kwenye vitelezi kwa sababu ya nyuso nne zilizogeuka mapajani.

Tena usigonganishe gauni na mwili ule ule unaoonekana. Una vidole, meno, masikio, na kila uso wake unaingia kwenye hesabu bila faida. Tengeneza mwili wa pili, mwepesi, wa nyuso 3,000 hadi 6,000, usio na kichwa wala vidole, unaofuata mifupa ile ile. Uwekee modifaya (kirekebishi cha umbo kinachopangwa kwenye orodha) ya mgongano chini ya ile ya mifupa, kisha uufiche kwenye picha ya mwisho. Faida yake kubwa zaidi ni kwamba huu unaweza kuukondesha. Kwenye kwapa, kinena na nyuma ya goti, mwili unapojikunja nyama hugusana au kuingiliana. Kitambaa kilichonaswa hapo kinasukumwa kushoto na uso mmoja na kulia na mwingine. Hakina pa kwenda, kwa hiyo hutetemeka, kisha hupasukia upande wowote. Hakuna namba itakayokiokoa. Punguza mwili wa kificho sentimita 1 au 2 kwenye mikunjo hiyo, ibaki nafasi ya kitambaa kupita. Na mwili unaoonekana, sehemu zilizofunikwa na gauni zifiche kabisa kwa modifaya ya kuficha. Kuna wanaoona huo ni ujanja ujanja. Hakuna mtazamaji atakayeinua gauni kukagua.

SWALI: Nabadilisha vipimo lakini kitambaa kinafanya vile vile. Mara nyingine nikirudi katikati ya uhuishaji kinakuwa kimeganda hewani.

JIBU: Kashe. Programu inakuchezea matokeo ya zamani iliyoyahifadhi, au umerukia fremu ambayo bado haijakokotolewa. Rudi fremu ya kwanza, cheza hadi mwisho bila kuruka hata moja. Kama uliwahi kuoka simulesheni, yaani kuikokotoa na kuihifadhi yote, futa kilichookwa, maana kikishaokwa vitelezi vinafungwa. Hifadhi faili lako kabla ya kuwasha kashe ya diski, bila hivyo haina pa kuandika. Na angalia mwisho wa kashe: huwa fremu 250. Uhuishaji wako ukiwa na fremu 400, kitambaa kitaganda kwenye 250, na wengi hudhani mashine imechoka.

SWALI: Wapendwa wahariri, fremu ya kwanza tu nguo inalipuka. Inatawanyika kama karatasi kwenye upepo. Baada ya fremu kadhaa inajirudi lakini imejisokota.

JIBU: Vyanzo ni vitatu, mara nyingi huja vikiwa viwili viwili.

Cha kwanza, nguo tayari inaingiliana na mwili kabla ya kuanza. Kikokotozi kinakuta vipeo viko ndani ya paja na kinavitoa kwa nguvu zote. Kagua kwa macho kila mahali, hasa mabegani na kwenye makalio, usogeze vipeo nje mpaka pengo lizidi umbali wa mgongano uliouweka. Kama umbali ni sentimita 0.5, acha 0.7.

Cha pili, mhusika amesanifiwa mikono ikiwa imenyooshwa, ila fremu ya kwanza ya uhuishaji anakutwa ameketi kitini. Mifupa imeruka papo hapo, kitambaa hakiwezi. Sogeza uhuishaji wote mbele kwa fremu 50. Fremu ya 1 mpe mkao ule aliosanifiwa nao, aingie taratibu kwenye mkao wa kwanza hadi fremu ya 35, kisha atulie hadi ya 50 ili mikunjo ipoe. Fremu hizo 50 hutazionyesha popote. Anayeketi mpe hata 80, na umpitishe kwenye kusimama kabla ya kukaa, la sivyo sketi itanaswa kati ya mapaja na kiti.

Cha tatu ndicho kinachosahaulika: mgongano wa kitambaa na chenyewe. Umbali wake nao huanza na sentimita 1.5. Kama kingo za meshi yako zina sentimita 1, kila kipeo kinaambiwa kisiwe karibu na wenzake kuliko walivyoshonwa. Mikunjo inasukumana, vazi linavimba na kupwita. Uweke umbali huo nusu ya urefu wa ukingo au chini yake, hapa sentimita 0.4 au 0.5. Wakati wa majaribio uzime kabisa. Unakula muda mwingi wa hesabu, na shati la kubana kwa kawaida halihitaji.

SWALI: Nina shati lenye kola, vifungo na mifuko. Kola inaporomoka kama tambi na vifungo vinaachana na shati. Je, nibane kila kitu?

JIBU: Ukibana kila kitu hutakuwa na simulesheni, utakuwa na shati la bati. Kola, vifungo na mifuko visiingie kwenye hesabu kabisa.

Tengeneza shati la pili jepesi: tabaka moja, bila unene, bila kola iliyopinduliwa, pande nne za kila uso zikikaribiana urefu. Nyuso ndefu nyembamba hufanya mikunjo ielekee upande mmoja tu, na shati linaonekana kama pazia. Hilo ndilo litakalokokotolewa. Shati zuri lenye vifungo na mishono liwekee modifaya inayolifunga kwenye uso wa lile jepesi, ulifunge ukiwa kwenye fremu ya kwanza, yote mawili yakiwa yamekaa pamoja. Likikataa kufungika, tafuta kwenye shati jepesi ukingo unaoshirikiwa na nyuso zaidi ya mbili, vipeo vilivyolaliana, au uso uliobonyea ndani. Baada ya hapo kifungo kinakwenda na kitambaa kilicho chini yake. Kama kifungo chenyewe kinapinda, kitenganishe na ukifunge kwenye kipeo kimoja au vitatu badala ya uso.

Kubana kunabaki kwa shingo na mikono. Kwenye kundi la vipeo, paka 1 (kubanwa kabisa) kwenye mzunguko wa kola, shuka taratibu hadi 0 (huru) ndani ya sentimita 4 hadi 6. Mpaka mkali wa 1 na 0 unaacha mstari unaoonekana kama ukingo wa kovu. Ncha za mikono zipe 0.3 hadi 0.5 ili zisiteleze hadi kwenye kiwiko mkono unapoinuliwa. Kumbuka kwamba kipeo cha 1 kinafuata mifupa tu, hakijali mwili. Kikiingia ndani ya bega, kitavuta na majirani zake.

Mpangilio wa modifaya, kutoka juu kwenda chini: mifupa, kitambaa, ulainishaji, unene. Kitambaa kikikaa juu ya mifupa, sehemu zilizobanwa hazitamfuata mhusika. Unene ukikaa juu ya kitambaa, tabaka la ndani na la nje vitagombana mpaka asubuhi.

SWALI: Nawezaje kufanya jinzi ionekane jinzi na hariri ionekane hariri? Zote zangu zinafanana.

JIBU: Kinachotofautisha vitambaa machoni ni kupinda, wala si kuvutika. Vitambaa vilivyofumwa karibu vyote havivutiki sana kwa uzani wake mwenyewe. Hariri hukunjwa kwa mikunjo mingi midogo, jinzi kwa michache mipana inayovunjika kwa pembe.

Mipangilio iliyowekwa tayari inalionyesha hilo. Hariri: uzani 0.15, ugumu wa kuvutika 5, ugumu wa kupinda 0.05, ufifishaji (kinachotuliza mtikisiko) 0. Pamba: 0.3, 15, 0.5 na 5. Jinzi: 1, 40, 10 na 25, kwa hatua 12. Ngozi: 0.4, 80, 150 na 25, kwa hatua 15. Tazama safu ya kupinda: kutoka hariri hadi jinzi imepanda mara 200, wakati ugumu wa kuvutika umepanda mara 8 tu. Basi chagua iliyo karibu na kitambaa chako, halafu cheza na kupinda peke yake, ukizidisha au kugawa kwa 2 kila jaribio. Kuongeza 0.1 juu ya 10 hakuonekani.

Zako zinafanana huenda kwa sababu meshi ni nyepesi mno. Mkunjo mmoja unahitaji kingo 4 hadi 6 ili upinde vizuri. Kingo zikiwa na sentimita 3, mkunjo mdogo kabisa una sentimita 12 au zaidi, na hariri yako itajikunja kama jinzi hata ukishusha kupinda hadi sifuri. Hariri inataka kingo za sentimita 1 au chini. Jinzi itaridhika na 2.

Na hatua nazo huonekana kwenye kitambaa. Mwaka 1998 David Baraff na Andrew Witkin walionyesha jinsi ya kukokotoa nguo kwa hatua kubwa za muda bila mfumo kulipuka, na programu nyingi zimejengwa juu ya wazo hilo. Gharama yake ni kwamba hatua ikiwa kubwa, hesabu yenyewe inanyonya nishati na kitambaa kinazubaa. Hariri iliyozubaa kwenye hatua 5 huchangamka kwenye 12 bila kuguswa ufifishaji.

SWALI: Mimi natengeneza mchezo kwa Unity. Joho la shujaa wangu linapita mwilini akikimbia, na akihamishwa kutoka sehemu moja ya ramani hadi nyingine, joho linaruka kama limepigwa na kimbunga.

JIBU: Kwenye mchezo sahau mengi tuliyosema hapo juu, kwa kuwa una sehemu ndogo tu ya milisekunde 16.7 za fremu moja ya mchezo wa fremu 60. Kitambaa cha Unity hakigongani na meshi yoyote. Kinatambua kapsuli (umbo kama kidonge kirefu) na jozi za tufe tu. Jozi ya tufe huunganishwa kuwa umbo linalopungua kuelekea upande mmoja, na hilo ndilo la kutumia mapajani: tufe la sentimita 10 juu ya paja, la 6 au 7 gotini. Mgongoni weka kapsuli moja nene kidogo kuliko mgongo wenyewe.

Kisha paka kikomo cha umbali kwa kila kipeo: 0 mabegani, sentimita 5 chini yake, 20 katikati, 40 hadi 60 kwenye pindo. Hata mgongano ukishindwa, kipeo hakiendi mbali na mahali pake. Kikomo cha pili, kile cha kupenya, kinazuia kipeo kuingia nyuma ya uso wake wa asili. Kwa joho linalolala mgongoni kinafanya kazi bora kuliko tufe kumi. Unreal Engine nayo ina vikomo vya aina hii vya kupaka kwa brashi.

Joho likilegea kama mpira, ujue kwamba njia nyingi za michezo zinafuata wazo la Matthias Müller na wenzake la mwaka 2006, la kusahihisha mahali pa vipeo moja kwa moja. Katika njia hiyo ya asili ugumu hautegemei kitelezi peke yake bali pia mara ngapi kwa sekunde usahihishaji unarudiwa. Unity huanza na 120. Ipandishe hadi 180 au 240 kwa joho la shujaa, uishushe kwa wahusika wa mbali.

Kimbunga cha kuhamishwa kinatokana na kitambaa kuona mhusika amesafiri mita 200 ndani ya fremu moja. Mara tu baada ya kumhamisha, ita amri ya ClearTransformMotion kwenye kitambaa hicho; mwendo ule utasahauliwa. Kwa kukimbia kwa kawaida, punguza kiasi cha kasi ya ulimwengu kinachofika kwenye joho, kutoka 0.5 hadi 0.2, ulitazame likipepea kabla ya kushuka tena.